Mpango uliojifungia mlango: uchambuzi wa kisa cha mikono minne ya roboti kwenye kituo kimoja

Kisa hiki kinahusu kituo cha kuunganisha fremu za chuma ambako mikono minne ya roboti ilitakiwa kupangiwa kazi na kompyuta, kuanzia nani ashike bomba gani hadi kiwiko kipite wapi. Jina la kiwanda, nchi, bidhaa na wahusika vimeondolewa, na maumbo ya fremu yamebadilishwa kidogo yasitambulike. Mfuatano wa mambo haukuguswa. Nimekiandika kwa wanaojenga mifumo ya aina hii, kwa sababu hitilafu iliyojitokeza inajua kujificha: mfumo unaendelea kujibu, majibu yanaonekana ya maana, kumbe umeshaanza kukataa mambo yanayowezekana.

## Kituo na kazi yake

Mikono ilikuwa minne, kila mmoja na viungo sita, imefungwa kuzunguka meza moja kubwa. Humu nitaiita A, B, C na D. A na B ilikuwa na vishikio vya kunasa mabomba. C ilibeba spana ya umeme ya kukaza bolti. D iliweza kubadilisha kifaa: ikihitajika kushika inavaa kishikio, ikihitajika kukaza inavaa spana. Mabomba yaliletwa kwenye rafu pembeni, yakachukuliwa moja moja, yakashikiliwa mahali pake, yakafungwa bolti, na bomba linalofuata likaegemea yaliyotangulia.

Ugumu ulitokana na oda. Kiwanda kinachotoa umbo moja mwaka mzima kinaweza kumkalisha mhandisi aandike kila mwendo wa mkono mara moja, kisha programu ikarudiwa bila kuguswa. Hapa kila oda ilikuja na umbo lake. Kabla ya mradi huu, mhandisi alitumia zamu nzima, wakati mwingine zaidi, kuandaa fremu mpya, na mikono minne ikasimama ikimsubiri.

Kazi ya kupanga ina sehemu mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ya kwanza ni upangaji wa kazi: nani afanye nini, baada ya nini, kwa kifaa kipi. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1971 Richard Fikes na Nils Nilsson walichapisha mfumo wa STRIPS, uliotumika kwa roboti Shakey huko Marekani. Ndani yake kila tendo huandikwa kwa masharti yanayotakiwa yawe kweli kabla halijafanyika, na kwa mabadiliko litakayoleta likishafanyika. Kompyuta huunganisha matendo hadi lengo lifikiwe. Haijui lolote kuhusu umbo la vitu. Inajua tu kwamba “bomba 4 limeshikwa na B” ni kweli au si kweli.

Ya pili ni upangaji wa mwendo. Hapa kinachotafutwa ni mkao: pembe za viungo vyote kwa pamoja. Mkono wenye viungo sita una mkao wenye namba sita, na njia ya kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila kugonga kitu ni mstari ndani ya nafasi yenye vipimo sita. Nafasi hiyo haichoreki kirahisi, kwa hiyo tangu miaka ya 1990 watu huichovya tu: kompyuta huchagua mikao kwa bahati nasibu, hutupa inayogonga, na kuunganisha iliyobaki. Mbinu ya ramani za nasibu ya Lydia Kavraki na wenzake ilichapishwa mwaka 1996, na ile ya miti inayokua kwa kasi ya Steven LaValle ikatoka mwaka 1998. Hadi leo nyingi zinazotumika ni watoto na wajukuu wa hizo mbili.

Ukiziweka pamoja kwa timu ya mikono, hesabu zinapaa. Kuigawia mikono minne kazi 12 tu, bila kujali mfuatano, kuna njia 16,777,216. Kuzipanga kazi hizo 12 zifuatane, kuna mifuatano 479,001,600. Mikono minne kwa pamoja ina viungo 24. Ukikiruhusu kila kiungo nafasi 10 tu, idadi ya mikao ya pamoja ni 1 ikifuatiwa na sifuri 24. Na mwaka 1984 Hopcroft, Schwartz na Sharir walionyesha kwamba hata kuhamisha vipande vya mstatili ndani ya sanduku la mstatili ni tatizo la kundi gumu sana kihesabu. Kwa hiyo hakuna anayelitatua kwa nguvu. Linagawanywa, na swali lenye uzito huwa ni limegawanywa wapi.

## Muundo wa kwanza

Timu iligawa kwa namna ambayo wengi wangegawa. Juu aliketi mpanga kazi. Chini akaketi mpanga mwendo. Wa juu alitoa orodha ya matendo, wa chini akatafuta njia kwa kila tendo. Akikosa, alirudisha jibu moja: imeshindikana. Mpanga kazi akaliandika tendo hilo kwenye orodha ya marufuku, akatafuta mpango mwingine usiolitumia.

Mpanga mwendo alipewa sekunde chache kwa kila tendo. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri. Mpango mmoja wa fremu ulikuwa na matendo mengi, mipango ya kujaribu ilikuwa mingi zaidi, na kila sekunde iliyoongezwa ilizidishwa mara maelfu. Katika fremu za majaribio, ambazo zilikuwa bapa na zenye nafasi, mfumo ulifanya kazi vizuri. Mipango ilitoka haraka, mikono ikazunguka bila kugusana, na uongozi ukaruhusu oda halisi ziingie.

Mgongano kati ya mikono ulizuiwa kwa upangaji wa vipaumbele, mbinu ambayo Michael Erdmann na Tomás Lozano-Pérez waliieleza mwaka 1987. Mkono wa kwanza hupangiwa njia kana kwamba uko peke yake. Wa pili hupangiwa huku wa kwanza ukihesabiwa kuwa kizuizi kinachotembea. Wa tatu huwakwepa hao wawili, na kuendelea. Badala ya nafasi moja yenye vipimo 24, unatafuta mara nne kwenye vipimo sita pamoja na muda. Faida yake ni kubwa, na gharama yake inajulikana: mkono wa kwanza unaweza kuchagua kusimama mahali ambapo wa tatu hana budi kupita, na hakuna wa kumwambia asogee.

## Siku fremu ya pembe ilipokataliwa

Oda iliyofichua tatizo ilikuwa fremu yenye kona tatu zilizobanana. Mpanga kazi aliendelea kutafuta kwa muda mrefu, kisha akatoa jibu ambalo halikuwahi kuonekana: hakuna mpango wowote. Hakusema kwamba muda umekwisha. Alisema orodha ya mipango yote imemalizika na hakuna uliobaki.

Fundi wa zamu aliitazama skrini, akamwita mhandisi. “Mhandisi, hii inasema bomba la kona haliingii. Jana mimi mwenyewe nimeliingiza, nikiusukuma mkono kwa kidhibiti.” Akaonyesha: A inalileta bomba likiwa limeinamishwa, kiwiko kikielekea chini badala ya juu, linapenya chini ya bomba la mlalo, kisha linanyanyuliwa mahali pake. B inabidi irudi nyuma kidogo kwanza, ndiyo maana hakuna aliyeiona njia hiyo kwenye uigaji.

Ushahidi huo ulitosha. Mfumo ulikuwa umetamka kwamba jambo haliwezekani, na jambo lenyewe lilikuwa limeshafanyika juu ya meza hiyo hiyo.

Walipofungua orodha ya marufuku walikuta imejaa. Karibu kila namna ya kulifikisha bomba la kona ilikuwa imepigwa marufuku, moja baada ya nyingine, na kila marufuku ilikuwa imetokana na utafutaji uliokatizwa na muda. Pengo lililokuwa chini ya bomba la mlalo lilikuwa jembamba. Mbinu za nasibu zina udhaifu unaofahamika hapo hapo: mikao inayopenya kwenye pengo jembamba ni sehemu ndogo mno ya mikao yote, kwa hiyo kuibahatisha kunahitaji muda mwingi. Ahadi ya mbinu hizo ni kwamba njia ikiwepo, uwezekano wa kuipata unakaribia uhakika kadiri muda unavyoongezeka. Njia isipokuwepo, mbinu yenyewe haitakuambia kamwe, itaendelea kutafuta. Sekunde chache zikikatika, kilichothibitishwa ni kwamba katika sekunde hizo haikupatikana. Zaidi ya hapo hakuna.

Mpanga kazi hakuwa na namna ya kulijua hilo. Aliyapokea majibu yote kwa neno moja, akayachukulia yote kuwa ukweli wa kudumu, na kila marufuku ikapunguza mipango iliyobaki hadi mlango wa mwisho ukafungwa. Kimantiki hakukosea hata hatua moja. Alilishwa taarifa isiyo sahihi.

## Maamuzi yaliyofuata

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuongeza muda: sekunde chache ziwe dakika. Lilijaribiwa usiku mmoja kwenye fremu hiyo, na asubuhi kompyuta ilikuwa bado inasaga matendo ambayo kweli hayawezekani, mengine kwa sababu bomba lilikuwa mbali kuliko mkono unavyofika. Dakika nzima inapotea kutafuta njia ya kufika mahali pasipofikika. Pendekezo la pili lilikuwa kuunganisha mikono yote minne kwenye utafutaji mmoja wa vipimo 24. Lilikataliwa kwenye karatasi, na naona ilikuwa sawa. Mikono A na C katika fremu nyingi haikaribiani kabisa, na kuitafutia njia kwa pamoja ni kulipia usumbufu usiokuwepo.

Kilichochaguliwa ni kubadilisha majibu ya mpanga mwendo. “Imeshindikana” ikagawanywa mara tatu.

Jibu la kwanza ni la umbali na umbo la mkono wenyewe. Mkono wenye viungo sita vya aina hii, ukipewa mahali na mwelekeo wa kishikio, unaweza kupafikia kwa mikao isiyozidi minane, na hesabu zake zina fomula. Kama hakuna hata mmoja, tendo hilo haliwezekani kwa mkono huo. Hapa marufuku ni halali na ni ya kudumu. Hesabu yenyewe inachukua muda mdogo mno, kwa hiyo ilihamishwa ikawa ya kwanza kabisa, kabla utafutaji wowote haujaanza.

Jibu la pili: mikao ipo, ila yote inagonga kitu pale mwendo unapoishia. Hili nalo linaweza kuhakikishwa, kwa kuwa mishiko iliyoorodheshwa, yaani namna za kulishika bomba, ina idadi na mikao kwa kila mshiko haizidi minane. Unaikagua yote, huibahatishi. Lakini ukweli wake una sharti. Mkao unagonga bomba 9 kwa sababu bomba 9 limeshafungwa. Lisingekuwepo, mkao ungefaa. Hivyo marufuku inaandikwa pamoja na sababu yake: tendo hili haliwezekani bomba 9 likiwa mahali pake. Katika muundo wa kwanza sharti hilo halikuandikwa, na mpanga kazi akawa anazuia jambo hata kwenye mipango ambayo bomba 9 linakuja mwisho. Kinyume chake pia ni faida: marufuku yenye sababu inafundisha. Badala ya kuondoa mpango mmoja, inaondoa kwa mpigo mipango yote inayoweka bomba 9 kwanza, na inamsukuma mpanga kazi kwenye mfuatano sahihi.

Jibu la tatu ni la muda. Njia haijapatikana. Hili halikuruhusiwa tena kuingia kwenye marufuku. Tendo linaongezewa gharama, kwa hiyo mpanga kazi anapendelea mipango mingine kwanza. Akirudi kwenye tendo lile lile kwa kukosa bora, mpanga mwendo anapewa muda maradufu ya ule wa awali, na anaendelea pale alipoishia, mikao aliyokwisha kuipata haitupwi. Wazo hili halikuzaliwa kituoni hapo. Neil Dantam na wenzake walilitumia kwenye kazi yao ya mwaka 2016: mwendo ukikosekana, upeo wa utafutaji unaongezwa kwa awamu badala ya tendo kuzikwa. Caelan Garrett, Lozano-Pérez na Leslie Kaelbling nao, kwenye PDDLStream, mfumo wao wa kupanga kazi na mwendo wa mwaka 2020, waliweka mantiki inayofanana, ambapo mpanga kazi huanza kwa kudhani kwamba mkao au njia itapatikana, kisha anahakikisha.

Uamuzi wa pili uligusa vipaumbele. Utaratibu wa A kwanza, kisha B, kisha C, uliachwa kuwa sheria ya kudumu. Kila mkono unapangiwa peke yake, njia zinalinganishwa, na zikigongana utafutaji unagawanyika matawi mawili: tawi moja linamkataza wa kwanza kuwa mahali hapo wakati huo, jingine linamkataza wa pili. Ni wazo la utafutaji unaoongozwa na migongano, ambalo Guni Sharon na wenzake walilichapisha mwaka 2012 kwa ajili ya mawakala wanaotembea kwenye gridi. Kulitoa kwenye gridi na kulipeleka kwenye mikono yenye viungo sita kunapunguza ahadi zake, kwa kuwa kila utafutaji wa ndani sasa ni wa nasibu. Hata hivyo, kwenye fremu ya pembe ndilo lililomrudisha B nyuma. Tawi lililomkataza B kubaki karibu na kona lilipata njia ambayo vipaumbele visingeitafuta.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mdogo kwenye karatasi lakini ulizua ubishi mrefu: kumruhusu fundi aweke mkao wa dokezo. Fundi anausogeza mkono kwa kidhibiti, anabonyeza, na mkao huo unaingia kwenye mikao ya nasibu kama mmoja wao. Haulazimishi chochote. Waliopinga walisema unarudisha kazi ya mikono kwenye mfumo uliokusudiwa kuiondoa. Walioukubali walisema mkao mmoja ulio ndani ya pengo jembamba una thamani kuliko maelfu yaliyo nje yake. Ukakubaliwa.

## Saa dhidi ya mfuatano

Mipango ilipoanza kupatikana, tatizo jingine likapanda juu. Mpango ulitoka ukiwa na nyakati: A inaondoka kwenye rafu sekunde ya 12, C inaanza kukaza sekunde ya 41. Kwenye uigaji kila kitu kilifuata saa. Mezani, kukaza bolti hakuna muda maalumu. Uzi ukiwa na kutu kidogo, spana inachelewa. Bolti ikikaa vibaya, inatolewa na kurudishwa. C ikichelewa, A inafika mahali ambapo C bado ipo, mfumo wa usalama unasimamisha kituo kizima, na fundi anaanza kutenganisha mikono mmoja mmoja.

Hatua ya haraka ilikuwa kuweka kanda zenye kufuli: meza iligawanywa kanda, na kila kanda, hata ile ya katikati, ikawa ya mkono mmoja kwa wakati. Migongano ilikoma. Baada ya siku kadhaa kituo kikasimama bila mgongano wowote. A ilikuwa imeshika bomba ndani ya kanda ya kaskazini, ikisubiri kanda ya katikati. D ilikuwa kwenye kanda ya katikati, ikisubiri kanda ya kaskazini ili ipishe njia. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa. Kila mkono ulikuwa unangoja kwa utii. Masharti manne ya mkwamo wa namna hii yaliandikwa na Coffman na wenzake mwaka 1971 kwa ajili ya programu za kompyuta, na yote yalikuwepo: kitu kisichoshirikiwa, kushika huku ukingoja kingine, kutonyang’anyana, na mzunguko wa kungojana.

Suluhisho lilikuwa kuufuta muda wa saa na kubaki na mfuatano. Mpango wenye nyakati unachambuliwa: kila mahali ambapo njia za mikono miwili zinapishana, inaandikwa nani alipita kwanza. Badala ya “A iingie sekunde ya 44”, inakuwa “A iingie baada ya C kupita alama ya saba ya njia yake”. Matokeo ni grafu ya utegemezi, yaani mchoro wa nani anamsubiri nani. Kama mpango wa awali ulikuwa halali, grafu hiyo haina mzunguko, na grafu isiyo na mzunguko haiwezi kukwama kwa kungojana hata bolti moja ichukue mara kumi ya muda wake. Mbinu za ukoo huu zimefanyiwa utafiti pia kwa magari ya roboti ya maghalani. Kufuli za kanda zikaondolewa kwenye upangaji. Ulinzi wa usalama, ule unaosimamisha mikono mtu akikaribia, uliachwa kama ulivyokuwa, kwenye mfumo wake unaojitegemea. Hilo halikujadiliwa na halipaswi kujadiliwa.

## Matokeo

Fremu ya pembe ilipata mpango, kwanza kwa dokezo la fundi, baadaye bila dokezo kwa muda mrefu kidogo. Maandalizi ya fremu ya kawaida yaliyokuwa yakila zamu nzima yakawa yanamalizika kabla mabomba hayajapakiwa kwenye rafu. Kusimama kwa kituo kwa sababu ya kuchelewa kwa bolti kulikaribia kutoweka. C ikichelewa, wengine wanasubiri mahali salama, kisha kazi inaendelea.

Yapo yaliyobaki. Fremu zenye kona nyingi zilizobanana bado zinakula muda usiotabirika, na mpango unaopatikana hauna dhamana ya kuwa mfupi kuliko yote. Bolti ikiharibika kabisa na bomba likatakiwa kuondolewa, mfumo unapanga upya kutoka hali iliyopo, jambo linalofanya kazi mradi hali iliyopo imeandikwa sawasawa. Mara moja haikuwa hivyo: fundi aliliondoa bomba kwa mkono, hakulifuta kwenye skrini, na mpango mpya ukajengwa kuzunguka bomba lisilokuwepo.

## Uchambuzi

Kiini cha kisa kiko kwenye jibu lililopita kati ya tabaka mbili. Kila tabaka peke yake lilikuwa la kiwango kizuri. Mpanga kazi alikuwa na uwezo wa kumaliza mipango yote na kuthibitisha kwamba hakuna uliobaki, na hiyo ni sifa inayotafutwa. Mpanga mwendo alikuwa na ahadi ya kupata njia mwishowe, nayo ni sifa inayotafutwa. Ukiziunganisha kwa neno moja lenye maana mbili, sifa zote mbili zinapotea: wa juu anathibitisha mambo ya uongo, wa chini hapewi “mwishowe” yake. Timu ilikuwa imekagua kila tabaka kwa makini na haikuwa na jaribio hata moja la kukagua kilichopita katikati.

Ndiyo maana naona kugawa jibu mara tatu kulikuwa uamuzi wenye uzito kuliko yote, kuliko hata utafutaji wa migongano ambao ulichukua muda mwingi zaidi kuujenga. Kila aina ya “hapana” ina uhai wake. Moja ni ya kudumu, moja inaishi mradi sharti lake lipo, moja ni deni la muda. Mfumo usiozitofautisha utakataa fremu zinazowezekana au utasaga milele zisizowezekana, na hakuna kiwango cha sekunde kitakachouokoa. Utahamisha tu hitilafu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama usiku ule wa kuongeza muda ulivyoonyesha.

Fremu za majaribio zilichangia kuficha. Zilikuwa bapa, zenye nafasi, na kwenye nafasi tele mpanga mwendo anapata njia kwa sekunde chache au tendo kweli haliwezekani; hali ya tatu karibu haijitokezi. Jaribio lililopungua lilikuwa rahisi kutengeneza: chukua fremu yenye jawabu linalojulikana, punguza pengo kidogo kidogo, na uangalie jibu la mfumo linabadilikaje. Mfumo mzuri unachelewa zaidi na zaidi. Ule wa kwanza ungekuwa umebadilika ghafla kutoka “mpango huu hapa” hadi “hakuna mpango”, na mruko huo ungepiga kengele mapema. Sasa jaribio hilo linaendeshwa kila programu inapobadilishwa.

Kuhusu dokezo la fundi, ubishi ulikuwa wa haki lakini umejibiwa na matumizi. Linatumika kwa nadra, na karibu kila mara kwenye mapengo membamba. Zaidi ya kusaidia utafutaji, madokezo yamekuwa ramani ya udhaifu wa mfumo: yakirundikana kwenye aina moja ya kona, wahandisi wanajua pa kuongeza mishiko au kubadilisha namna ya kuchagua mikao. Lakini thamani yake inategemea kitu kimoja, kwamba fundi anaposema pana njia anasikilizwa kabla ya skrini. Katika kisa hiki alisikilizwa siku ile ile.

Kanda zenye kufuli zilikuwa tiba ya haraka yenye sababu zake, kwa kuwa kituo hakikuweza kusubiri. Kilichokosekana ni kuuliza swali la mzunguko kabla ya kuziwasha. Kanda chache na mikono minne ni grafu ndogo inayoweza kukaguliwa kwa kalamu.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa, na ambalo ningetaka timu nyingine zilitazame mapema, ni kupinda kwa mabomba. Mpanga mwendo anayachukulia kuwa magumu kabisa. Bomba refu likishikwa upande mmoja linainama kwa uzito wake, na mara kadhaa ncha ya mbali iliparuza fremu mahali ambapo hesabu zilionyesha nafasi ipo. Timu iliweka pambizo la usalama kuzunguka kila bomba, sawa kwa urefu wote. Kuparuza kukakoma, lakini pambizo hilo hilo likaziba mapengo membamba, na majibu ya aina ya tatu yakaongezeka tena, safari hii yakiwemo ya mapengo ambayo kweli yamezibwa, ila yamezibwa na pambizo, chuma chenyewe kinapita. Kwa mujibu wa mgawanyo wa majibu matatu, hiyo inapaswa kuwa hapana yenye sharti, na sharti lenyewe ni ukubwa wa pambizo. Wanachojaribu sasa ni pambizo linaloongezeka kuelekea ncha isiyoshikwa, kwa urefu wa bomba na mahali liliposhikwa, na kumruhusu mpanga kazi achague mshiko wa katikati, au amwite D ashike upande wa pili, pale ambapo hapana hiyo ndiyo pekee inayozuia mpango.